Jukwaa Kabla ya Mafuriko

Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño iliyokuwa ikihofiwa haitafika. Mvua zitakuwa kubwa, lakini si za kuleta maangamizi. Mwezi uliofuata mafuriko yalizoa nyumba, barabara na watu, na kufikia Desemba waliokufa walikuwa wamepita mia moja. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yakaangamiza makazi karibu na Mai Mahiu. Kwanza ikasemwa bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake kuziba. Mwezi huohuo, upande wa Tanzania, wakazi wa Rufiji walikuwa wakibishana na serikali kama maji yaliyofunika mashamba ya Muhoro na Chumbi ni ya mvua tu au yamefunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikatua Mafia, kikapungua nguvu, na wengine wakasema Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) imewatisha bure, ilhali barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikuwa imekatika Somanga.

Katika matukio yote haya taarifa zilikuwapo, tena nyingi, nyingine zikipingana. Watu walikosa mahali pa kuzichambua kwa pamoja: tumwamini nani, onyo hili linagusa mtaa wetu kwa kiasi gani, na tukiambiwa tuhame, tunahamia wapi na nani anabaki kulinda mali. Pengo hilo ndilo linalowavuta wasanii. Vikundi vya sanaa, vyuo na mashirika vimekuwa vikipeleka maigizo vijijini na mitaani kuzungumzia mafuriko, ukame na joto. Wapo wanaoamini njia hii inaokoa maisha, na wapo wanaoiona ni kuchezea fedha ambazo zingechimba mitaro. Mjadala umekuwa mgumu kufuatilika kwa sababu kazi tatu zisizofanana zinahesabiwa kuwa kitu kimoja: igizo la kufikisha ujumbe, igizo la kuibua mjadala, na igizo la sanaa kamili ambalo tabianchi ni mada yake tu. Kila moja ina nguvu yake na gharama yake.

Tulikotoka

Afrika Mashariki haianzi leo kutumia jukwaa kwa mambo ya umma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mshairi Mathias Mnyampala alieneza ngonjera, na kwa miaka mingi watoto wa shule Tanzania walisimama mbele ya viongozi wakibishana kwa beti. Mmoja alikuwa mjinga, mwingine mwerevu, na mwisho mjinga alishindwa na kukubali. Ubishi wenyewe ulikuwa umekwisha kabla haujaanza, kwa kuwa jibu lilijulikana. Njia hiyo ilifaa kueneza siasa ya Ujamaa, na ilipendwa kwa sababu ilitumia utamu wa mashairi ambao watu walikuwa nao tayari. Lakini pia iliwazoesha wasikilizaji kwamba mtu akipanda jukwaani na ujumbe wa serikali, kazi yao ni kupiga makofi.

Miaka hiyohiyo ilizaa kazi ya aina nyingine. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tamthilia ya mganga wa Ngarambe, hukohuko Rufiji, ambaye neno lake kuhusu maji lilichukuliwa na watu likawa na nguvu kuliko yeye mwenyewe. Tamthilia ile haimpi mtazamaji jibu. Inamwacha akijiuliza watu hufikaje mahali pa kuliamini neno kiasi cha kuliwekea roho zao, na nani anabeba dhamana neno likishindwa. Anayefuatilia mabishano ya leo kuhusu utabiri wa mvua atakubali kwamba swali hilo bado halijazeeka.

Kisha ikaja Malya. Kati ya 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi katika kijiji hicho wilayani Kwimba. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakauliza, wakasikiliza, na matatizo yaliyojitokeza, hasa mimba za wasichana wa shule na vijana kukosa la kufanya, wanakijiji wenyewe wakayageuza kuwa ngoma na maigizo, kisha wakayajadili hadharani. Utafiti kwanza, utunzi pamoja, onyesho, mjadala, halafu ufuatiliaji: hatua hizo zikawa msingi wa kile kinachofundishwa vyuoni kama sanaa za maonyesho kwa maendeleo.

Kenya ilitoa somo la upande wa pili. Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa Kamiriithu, karibu na Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Miezi miwili haikuisha serikali ikaipiga marufuku, mwishoni mwa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lao likabomolewa. Mchezo ule ulihusu ardhi. Tuukumbuke hapa kwa sababu mazungumzo ya kweli kuhusu mafuriko nayo huishia kwenye ardhi: nani alipewa kiwanja cha juu, nani aliachiwa bonde, nani alipitisha ramani.

Hoja ya kwanza: igizo lifikishe ujumbe

Maofisa wengi wa maafa na hali ya hewa wanaanzia hapa, na wana sababu. Kabla ya vuli na kabla ya masika TMA hutoa mwelekeo wa mvua kwa kanda, ikieleza kama zitakuwa za wastani, chini ya wastani au juu ya wastani. Kwa mtaalamu lugha hiyo inatosha. Kwa mkulima wa Kilosa haimwambii kama mto utafika kizingitini kwake, na haimwelezi kwamba mwelekeo wa msimu ni suala la uwezekano, kwa hiyo unaweza kukosea mwaka mmoja na bado ukawa na manufaa kwa miaka kumi. Igizo la nusu saa linaweza kulifanya jambo hilo lieleweke kwa namna ambayo kipeperushi hakiwezi. Linamfikia asiyesoma, linavuta watoto na wazee kwa pamoja, na linatumia Kiswahili cha mtaani au Kimakonde au Kindengereko badala ya lugha ya taarifa.

Udhaifu wake ni wa aina tatu. Kwanza ni muda. Onyo la kimbunga hutolewa siku chache kabla, na mvua kubwa pengine saa chache. Igizo linataka wiki za kuandaa. Kwa hiyo jukwaa haliwezi kuchukua nafasi ya redio, ujumbe wa simu au kipaza sauti cha msikiti. Pili ni idadi. Onyesho zuri linakusanya mamia. Redio moja inasikika na mamilioni.

Udhaifu wa tatu ndio mzito zaidi, nao ni ule wa ngonjera. Igizo la ujumbe karibu kila mara linampanga mhusika mjinga anayejenga bondeni, anayekata miti, anayetupa taka mtaroni, kisha linampa adhabu ya mafuriko. Wakazi wa Jangwani, katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, wanaolitazama hawakujenga pale kwa ujinga. Walitafuta chumba cha bei wanayoiweza karibu na Kariakoo, ambako kazi ziko. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, baadhi yao walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini, na wapo waliorudi kwa sababu kule hakukuwa na riziki. Mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za bonde hilo zilipakwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kuanza kubomolewa. Mtu mwenye historia hiyo akiona mwigizaji anamkemea kwa kuishi mabondeni, anasikia sauti ya mbomoaji. Anacheka pale pa kuchekesha, anaondoka, na imani yake kwa wanaotoa maonyo inapungua badala ya kuongezeka.

Rufiji nako kuna kumbukumbu kama hiyo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wa bonde kwenda vijiji vya juu, katika kilichoitwa Operesheni Rufiji. Wakulima waliendelea kushuka bondeni kwa sababu kilimo chao cha mlau kinategemea unyevu unaoachwa na maji yanapopungua, na madungu yao, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, yalikuwa tayari ni maandalizi dhidi ya mafuriko. Igizo litakaloingia kule na wimbo wa "hameni" bila kuuliza habari za mlau na dungu litakuwa limepuuza maarifa ambayo wenyeji wameyatumia vizazi na vizazi.

Hoja ya pili: igizo liwe mazoezi ya uamuzi

Mwenye njia hii ni Mbrazili Augusto Boal, aliyefariki mwaka 2009. Katika miaka ya 1960 kundi lake liliigiza mbele ya wakulima maskini wa kaskazini-mashariki mwa Brazil mchezo uliowahimiza kumwaga damu kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja akaguswa, akawaalika wasanii wachukue bunduki zao waende pamoja kuwafukuza watu wa bwana shamba. Wakamweleza kwa aibu kwamba bunduki ni za maigizo. Akasema si neno, bunduki za kweli anazo yeye, waje wao. Hawakwenda. Boal alieleza kuwa tangu hapo aliapa kutowashauri watu wabebe hatari ambayo yeye mwenyewe hakuwa tayari kuibeba, na akabuni maonyesho ambamo mtazamaji anasimamisha mchezo, anaingia nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine.

Tuitazame njia hiyo ikihusu mafuriko. Mandhari ni chumba cha kupanga kando ya Msimbazi, saa nne usiku, mvua inaongezeka. Mama amepata ujumbe wa onyo kwenye simu. Baba anasema ngoja kwanza, juzi nao walisema hivyohivyo. Kuna jokofu lililonunuliwa kwa mkopo wa kikoba, marejesho hayajaisha. Bibi miguu haimbebi. Mpangaji wa chumba cha pili yuko zamu ya usiku na watoto wake wawili wamelala ndani. Hapo mshereheshaji anasimamisha mchezo na kuuliza: "Jamani, huyu mama afanye nini?"

Mtazamaji wa kwanza atakayeingia pengine atasema waondoke wote mara moja. Mchezo unaendelea, na waigizaji wanamwonyesha matatizo: bibi anabebwa na nani, jokofu linaachiwa nani, wanakwenda wapi. Mwingine atasema waende shule ya msingi. Vizuri, na ufunguo wa darasa uko kwa nani usiku wa Jumamosi? Kama mwalimu mkuu anaishi mtaa mwingine ng'ambo ya mto, uwanja mzima sasa unajua kwamba kituo cha kukimbilia kilichoandikwa kwenye mpango wa maafa hakifunguki. Hakuna kipeperushi kinachoweza kugundua jambo hilo. Liligunduliwa kwa sababu mtu alijaribu kuupitia uamuzi hatua kwa hatua mbele ya majirani wanaojua kila mlango.

Nguvu ya pili ya njia hii ni kufungua vinywa vilivyofungwa. Katika kimbunga kilichoipiga Bangladesh mwaka 1991 na kuua watu wapatao 140,000, wanawake waliokufa walikuwa wengi kuliko wanaume kwa mbali, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni wake waliobaki nyumbani na watoto wakisubiri waume waamue. Huo ni ugonjwa ambao hata kwetu upo, na mkutano wa mtaa hauutibu, kwa kuwa mwanamke hatasimama mbele ya wakwe na kusema mume wangu anachelewa kuamua. Akiingia kwenye nafasi ya mhusika anaweza kulisema. Anayesema ni mama wa kwenye mchezo, na kila mtu anaelewa.

Lakini njia hii nayo ina bei. Inahitaji waigizaji wazuri kuliko wale wa kukariri, na mshereheshaji anayejua kutuliza ugomvi bila kuua hoja. Haivumilii haraka. Inaweza kutekwa na wenye sauti kubwa, ikawa mwenyekiti na wapambe wake ndio wanaopanda jukwaani. Na inaibua matarajio: mtaa ukishagundua kwamba tatizo ni ufunguo, au kalavati dogo, au kiwanda kilichoziba mkondo, watu watauliza nani anashughulikia. Wasanii hawana jibu. Wakiondoka bila mwenye jibu kuonekana, wanakuwa kama kundi la Boal na bunduki za maigizo.

Hoja ya tatu: fedha ziende kwenye mitaro

Wapinzani wanauliza jambo la haki. Bonde la Msimbazi lina mradi wa kulirekebisha unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, unaohusisha fidia kwa wakazi na daraja jipya la Jangwani. Tatizo la kiasi hicho, wanasema, halitatuliwi kwa ngoma na mchezo. Tena kuna hatari kwamba maigizo yatahamisha lawama: badala ya kuuliza kwa nini mfereji haujengwi, tunawafundisha maskini jinsi ya kukimbia.

Sehemu ya pili ya hoja hii naikubali bila masharti. Igizo lolote linalomfanya mwathirika aonekane ndiye chanzo linafaa kukataliwa. Sehemu ya kwanza ina kasoro, na Bangladesh inaionyesha. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 huko. Baada yake ukaundwa mpango wa maandalizi ya vimbunga, wenye watu wa kujitolea vijijini, bendera za ishara, vipaza sauti, majengo ya kukimbilia, na pia maigizo na nyimbo za kuwaandaa watu kabla ya msimu. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kiliua watu zaidi ya 3,000: msiba mkubwa, lakini si wa kulinganishwa na ule wa awali. Hakuna anayeweza kusema kwa ukweli kwamba maigizo ndiyo yaliyookoa watu wale, na msanii anayedai hivyo anadanganya. Majengo na maonyo ya mapema yalifanya kazi kubwa. Ila jengo la kukimbilia lisiloaminiwa halijai watu, na onyo lisilojadiliwa halitiiwi na mtu. Saruji na mazungumzo vilikwenda pamoja. Isitoshe, gharama za igizo ni ndogo mno kando ya ujenzi, kiasi kwamba kulifuta hakutajenga hata mita chache za mfereji.

Wasanii nao

Kuna sauti ambayo haisikiki sana kwenye mjadala huu, ya wasanii waliochoka kuandikiwa mada na wafadhili. Jana ilikuwa Ukimwi, leo ni tabianchi, na kila mara mkataba unaeleza idadi ya maonyesho na ujumbe wa kutaja kabla mwandishi hajakanyaga kijiji. Fedha zikiisha kikundi kinahama, mara nyingi mwaka uleule ambao kijiji kilianza kufunguka. Hali hii inazalisha michezo inayofanana kutoka Tanga hadi Mtwara.

Njia ya kujinasua ipo kwenye tamthilia yenyewe. Tangu mwaka 2015 mtandao wa Climate Change Theatre Action umekuwa ukiagiza tamthilia fupi kutoka kwa waandishi wa nchi mbalimbali kila baada ya miaka miwili, na kuruhusu vikundi vya dunia nzima kuziigiza. Nzuri ni kwamba mwandishi anaachiwa uhuru wake. Upungufu ni kwamba hadhira ya maonyesho ya aina hiyo mara nyingi ni ya mjini, ya watu waliokwisha kukubali hoja, na mchezo ulioandikwa mbali haujui ufunguo wa darasa uko kwa nani. Unafaa kuamsha hisia na fikra. Kwa maandalizi ya mtaa mmoja, Malya ilikuwa na njia bora.

Uzito wa mizani

Ukiziweka hoja hizi pamoja, jambo la kuamua ni igizo linatumwa kazi gani na linaunganishwa na nani. Likitumwa kuonya, litashindwa na redio. Likitumwa kukemea, litaharibu. Likitumwa kuwafanyisha watu mazoezi ya saa ile ya maji, kabla ya msimu, lina nafasi ambayo chombo kingine hakina.

Masharti yake nayo yanajulikana. Moja ni kurudia. Kenya ilijaribu hilo katika kampeni za Ukimwi kwa maonyesho yaliyofanyika mahali palepale, saa ileile, kwa hadhira ileile, hadi watu wakazoea kusema. Onyesho la mara moja na kuondoka halizai uaminifu. Jingine ni kumweka mwenye mamlaka mbele ya hadhira, akae, asikilize, na ajibu. Boal alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kati ya 1993 na 1996 alitumia maonyesho ya mitaani kukusanya mapendekezo, na 13 kati yake yakawa sheria za jiji. Tanzania haihitaji kubuni mlango mpya kwa hilo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Nyingi hukutana maji yakishaingia. Onyesho lingezipa sababu ya kukutana mapema, na kumbukumbu za kikao chake zingekuwa kipimo cha haki kuliko kuhesabu vichwa vya watazamaji: je, ufunguo umekabidhiwa kwa mtu wa karibu? Je, majina ya wazee wasioweza kutembea yameandikwa? Je, kalavati limezibuliwa?

Kipimo hicho kitawaudhi baadhi ya viongozi, kwa sababu mtaa uliojadili utauliza pia habari za ramani, fidia na mabwawa. Kamiriithu imetuonyesha viongozi walioogopa maswali walifanya nini. Halmashauri isiyotaka kuulizwa maswali hayo isiagize igizo. Ichapishe vipeperushi tu, maana mchezo uliokatazwa kugusa chanzo cha maafa watu wataugundua kabla ya onyesho la kwanza kwisha.

Kwa halmashauri iliyo tayari, wakati wa kuanza ni Agosti, TMA inapojiandaa kutoa mwelekeo wa vuli na mito ikiwa bado chini. Iwatafute wasanii wa wilaya yenyewe, iwalipe kwa miezi ya utafiti na si kwa siku ya onyesho peke yake, imwite mtabiri wa hali ya hewa akae mstari wa mbele na kueleza kwa nini utabiri huwa unakosea, na mwenyekiti wa mtaa aje na daftari.